Makafi ya mikononi na bega linaloumwa: soma dalili kabla ya kununua kafi jingine

Makafi ya mikononi, yaani vile vibao vya plastiki ambavyo mwogeleaji huvifunga kiganjani kwa mpira, yana kazi moja tu: kukiongezea kiganja ukubwa ili kila mvuto ushike maji mengi zaidi. Anayeubeba mzigo huo ni bega. Mwogeleaji wa kawaida hupiga mikono kama 20 kwa kila mita 25. Akimaliza mita 2,000 amepiga mikono 1,600, yaani kila bega limezunguka mara 800. Kosa dogo ambalo bega linalivumilia mara 800 kwa kiganja kitupu, kwa kafi huenda lisilivumilie hata kwa mara chache.

Swali linaloulizwa sana ni "ninunue kafi gani lisiloumiza bega?" Mara nyingi jibu haliko dukani. Kafi halitengenezi kosa la mkono. Linalikuta na kulikuza. Kwa hiyo tumepanga mwongozo huu kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayokutwa mara nyingi, na ya mwisho ndiyo adimu. Jaribu vitu vyepesi kwanza. Mifano mingi ni ya mtindo huru kwa sababu makafi hutumika huko zaidi.

Ukiona haya, usiendelee kusoma: nenda hospitali

- Bega limechomoka, au umeangukia mkono na umbo la bega limebadilika. Usimruhusu mtu yeyote alivute au alichue. Kulivuta bila picha ya eksirei kunaweza kuvunja mfupa au kuumiza neva.
- Mkono mzima umevimba na kuwa mzito, rangi yake imetofautiana na ya mwenzake au kucha zimekuwa za bluu, na mishipa imejitokeza begani au kifuani. Damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa mkubwa unaopita chini ya mtulinga. Huwapata hata vijana wenye afya nzuri baada ya mazoezi mazito ya mikono. Hii ni ya kwenda siku hiyohiyo.
- Bega linauma, hasa la kushoto, huku kifua kinabana, jasho linatoka bila sababu au pumzi inakata. Huenda ni moyo.
- Ghafla huwezi kuinua mkono mwenyewe, lakini mtu akikuinulia unapanda. Kano inaweza kuwa imekatika.
- Bega limevimba, lina joto, na una homa.

Maumivu yanayokuamsha usiku, au yaliyodumu zaidi ya wiki mbili ingawa umepumzika, hayahitaji mbio za leo, lakini yanahitaji miadi na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa wiki hii. Kitu kimoja zaidi kabla hatujaendelea: usimeze diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ili uweze kumaliza seti ya makafi. Dawa huzima kengele, lakini kano inaendelea kusagika.

Anza hapa: ngumi, kiganja, kafi

Jaribio hili linachukua dakika kumi na linaokoa pesa nyingi. Pasha mwili joto kwa mita 200 hadi 300 za taratibu, kisha uogelee mara tatu kwa kasi ileile, ukipumzika nusu dakika katikati:

1. Mita 50 ukiwa umefunga ngumi, vidole vyote ndani.
2. Mita 50 kwa kiganja wazi.
3. Mita 50 ukiwa na makafi, bila boya la mapajani (kile kielea kinachobanwa kati ya mapaja ili miguu isipige).

Kila baada ya mita 50 lipe bega namba kutoka 0, yaani haliumi kabisa, hadi 10. Katika raundi ya pili na ya tatu hesabu pia mikono na sekunde.

Kama ngumi inauma, tatizo ni bega lenyewe au njia ambayo mkono unapita. Ngumi haishiki maji karibu yoyote, kwa hiyo mzigo hauwezi kulaumiwa. Hapa makafi hayana nafasi, hata yawe madogo kiasi gani. Kama ngumi haina shida ila kiganja kinauma, bega halijaweza kubeba hata mzigo wake wa kawaida, makafi bado. Kama ni kafi peke yake linaloleta maumivu, dalili zilizo hapa chini zinakuhusu moja kwa moja.

Sasa angalia namba nyingine. Kafi linalokufaa hupunguza mikono miwili hadi minne katika mita 50, na muda unabaki uleule au unashuka kidogo. Mikono ikipungua lakini muda ukaongezeka, kafi ni kubwa mno kwako. Upinzani wa maji hukua kwa kadiri ya eneo la kafi na kwa mraba wa kasi ya mkono. Kafi kubwa linaupunguzia mkono kasi, kila mvuto unachukua muda mrefu zaidi, na bega linakaa chini ya mzigo muda huo wote, likiwa kwenye pembe mbaya.

Dalili: maumivu ya mbele ya bega, mkono unapoanza kushika maji

Hii ndiyo inayoongoza. Mtu hugusa mbele ya bega kwa kidole kimoja na kusema "hapahapa". Kinacholalamika mara nyingi ni kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu, au kano zinazopita katika nafasi nyembamba chini ya paa la bega, ule mfupa ulio juu kabisa. Mkono ukinyooka mbele huku umejikunja kwa ndani, nafasi hiyo hupungua na kano hubanwa. Madaktari wa Kanada, Kennedy na Hawkins, waliandika juu ya "bega la mwogeleaji" mwaka 1974, na mpaka leo ndilo jina ambalo wengi hulitumia kwa maumivu ya aina hii, ingawa sasa inajulikana kwamba sababu zake ni nyingi na si kubanwa tu.

*Kusukuma maji chini.* Mkono ukishanyooka mbele, mwogeleaji anaukandamiza kuelekea sakafuni ukiwa umenyooka kama fimbo. Kwa kafi, huo ni wenzo wenye urefu wa mkono mzima, na egemeo lake ni bega. Dalili ya pembeni: kichwa na kifua vinainuka kila unapoanza kuvuta. Rekebisha hivi: mkono ukiwa mbele, elekeza ncha za vidole sakafuni kwanza, kiwiko kikibaki juu karibu na uso wa maji, ndipo uvute kuelekea miguuni. Kafi lote liangalie nyuma na lisiangalie chini. Lizoee zoezi hili bila kafi kwa 6 × 25 m kabla ya kulivaa tena. Usikilazimishe kiwiko kupanda kuliko bega linavyoruhusu. Kiwiko cha juu kupita kiasi nacho kinabana kano zilezile.

*Mkono kuvuka mstari wa kichwa.* Mkono wa kulia unaingia upande wa kushoto wa pua, au kinyume chake. Fikiria saa ya ukutani iliyolala mbele ya kichwa chako: mkono wa kulia uingie usawa wa namba 1, wa kushoto usawa wa namba 11. Anayevuka akijaribu hivyo huhisi anafungua mikono mno kama bawa. Hisia hiyo ni ya kawaida na huisha. Mtu asimame mwisho wa njia akupige video ya sekunde ishirini ukimwendea. Macho yako mwenyewe hayakwambii ukweli kwenye jambo hili.

*Dole gumba kuingia kwanza.* Zamani makocha wengi walifundisha hivi. Kiganja kinachotazama nje kinauzungusha mkono wote kwa ndani, na kafi linakuja na mzigo wakati bega liko katika mzunguko huohuo. Ingiza ncha za vidole vitatu vya kati, kiganja kikiwa bapa kuelekea chini.

*Kafi kubwa.* Tayari umeliona kwenye jaribio la sekunde. Wengi huanza kulaumu hapa, nasi tunaliweka la nne kwa makusudi: ukishusha saizi bila kurekebisha matatu ya juu, unaahirisha tu maumivu.

*Kano iliyokwisha kuchoka au kuchanika kidogo.* Umerekebisha yote hayo kwa wiki mbili hadi tatu bila makafi na bado inauma. Acha kujitibu, nenda fiziotherapia.

Dalili: mchomo juu au pembeni ya bega mkono unaporudi hewani

Sababu kubwa ni mwili kulala bapa. Kiwiliwili kisipogeuka kufuata mkono, bega linalazimika kuuinua mkono lenyewe mpaka nyuma ya mgongo. Mgeuko wa nyuzi 30 hadi 45 kila upande unatosha. Boya la mapajani huongeza tatizo hili kwa wengi, kwa sababu miguu haipigi tena na nyonga husahau kugeuka. Toa boya kwanza, kisha jaribu tena.

Ya pili ni mkono kutoka majini vibaya. Mwishoni mwa mvuto, karibu na paja, kiganja kinatazama juu na kafi linanyanyua maji kama sepetu. Geuza kiganja kitazame paja, na kiwiko kitangulie kutoka, kama mtu anayetoa mkono mfukoni. Kafi litoke kwa ubavu wake, bila kurusha maji. Ukiona matone yanaruka nyuma yako kila mkono unapotoka, bado unanyanyua.

Ya tatu ni kombe la bega lisilofanya kazi yake. Kombe linatakiwa kuzunguka kwenda juu pamoja na mkono ili paa la bega lipishe njia. Misuli inayolizungusha ikichoka au misuli ya kifua ikikaza (tatizo la kila anayekaa ofisini mchana na kuogelea jioni), paa linabaki pale pale na kano inabanwa. Simama mgongo wazi mbele ya mtu, inua mikono yote miwili taratibu mbele yako, kisha ishushe, mara tano. Kombe moja likichomoza kama bawa au likiruka wakati wa kushuka, umepata sababu.

Dawa yake iko nje ya maji, mara tatu kwa wiki:

- Kiwiko ubavuni kimekunjwa nyuzi 90, taulo iliyokunjwa katikati ya kiwiko na mbavu. Vuta utepe wa mpira kuelekea nje. 3 × 15, sekunde mbili kwenda na tatu kurudi.
- Utepe umefungwa mlangoni usawa wa kifua. Vuta viwiko nyuma kama unapiga makasia, ukikaribisha makombe ya mabega. 3 × 12.
- Mikono imenyooka ukutani. Bila kukunja viwiko, sogeza kifua kuelekea ukutani kisha sukuma mpaka mgongo wa juu uwe duara. 2 × 15.

Kama huna utepe wa mazoezi, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa upana wa sentimita 3 unafanya kazi hiyo vizuri. Mpira ukichanika upande mmoja, tupa. Ukikatika unaweza kukupiga jichoni.

Wenye umri wa miaka 40 hadi 60, na hasa wenye kisukari, wachunguze jambo moja zaidi: bega linaloganda. Weka kiwiko ubavuni, na mtu auzungushe mkono wako kwenda nje. Ukikwama mapema kuliko mkono wa pili hata anapokusaidia, usilazimishe na usivae makafi. Hilo lina matibabu yake.

Dalili: kafi linacheza, linapinda au linatoka

Watu hukaza mpira. Usikaze kwanza, kafi linalocheza linakwambia kitu ambacho kocha aliye ukingoni hakioni.

Fungua mpira wa kifundo cha mkono uuondoe kabisa, uache ule wa kidole cha kati tu. Ogelea mita 25 taratibu na uangalie ni wakati gani na upande gani kafi linaachana na kiganja. Maji yanapolisukuma kafi kwa mwelekeo sahihi, yanalibana kiganjani yenyewe. Mpira hauna kazi kubwa. Likiachana, maji yamepata njia ya kupita kati ya kafi na ngozi.

Ukingo wa chini, ule ulio karibu na kifundo, ukifunguka mkono unapokuwa mbele, mkono umetulia hapo bila kushika: kiwiko kimeanguka au unateleza muda mrefu mno. Kafi likizunguka kidole kama usukani katikati ya mvuto, mkono unakata maji kwenda pembeni, mara nyingi chini ya tumbo kuvuka kitovu. Likitoka kabisa karibu na paja, unanyanyua maji kama tulivyoeleza juu. Makosa yote matatu yanaliumiza bega, na mpira wa kifundo uliokazwa unayaficha yote. Kwa mwenye bega bovu, mpira wa kifundo ni afadhali usiwepo kabisa: siku mkono ukipotea njia, kafi litoke, bega libaki.

Baada ya hapo ndipo uangalie kifaa. Mpira wa kidole ukae kati ya fundo la kwanza na la pili la kidole cha kati, ukibana kiasi cha kutoteleza bila kubadilisha rangi ya kidole. Klorini na jua huulegeza. Ukiuvuta ukaona mipasuko midogo, ubadilishe. Mrija mwembamba wa mpira wenye unene wa milimita 5 au 6 unatosha. Suuza makafi kwa maji baridi baada ya kila zoezi na uyaanike kivulini. Kafi lililopasuka ukingoni likatupwe, kwa sababu linachana ngozi yako na ya mwenzako wa njia moja.

Dalili: majini hakuna shida, ila usiku au kesho yake bega linauma

Hapa kafi huenda ni sahihi na mkono ni sahihi. Kilichozidi ni kiasi. Kano hujibu mzigo polepole, na maumivu yake huchelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana "nilijisikia vizuri nikaongeza" ni sentensi inayotangulia majeraha mengi.

Tunapendekeza mipaka hii. Kwa bega lililowahi kuuma, makafi yasizidi moja ya kumi ya mita za siku: katika mita 2,000, ni mita 200. Kwa bega zima lisilo na historia, moja ya tano. Siku mbili kamili zipite kati ya zoezi moja la makafi na jingine. Yavaliwe mapema kwenye programu, mara tu mwili unapopata joto, na si mwishoni wakati misuli midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa ndani ya bega imeshachoka. Seti iwe ya vipande vifupi vya mita 25 au 50 vyenye mapumziko, na si mita 400 mfululizo.

Kipimo chako ni asubuhi inayofuata. Bega likiamka kama lilivyolala, kiasi kilikuwa sawa. Likiamka na namba moja juu zaidi, rudia kiasi kilekile bila kuongeza. Namba mbili au zaidi, kata nusu. Na kama ulibadilisha vitu viwili wiki hiyohiyo, tuseme kafi jipya na mita zaidi, hutajua kipi kimekuumiza. Badilisha kimoja kimoja.

Sababu nyingine ni uchovu unaotoka kwingine: kubeba ndoo, kusukuma vyuma vya kifua siku iliyotangulia, kulala juu ya bega lilelile. Ukilala upande, lalia bega zima na ukumbatie mto ili mkono wa juu usining'inie.

Dalili: ni bega moja tu, siku zote lilelile

Angalia unapumulia upande gani. Anayepumulia kulia peke yake mara nyingi huegemeza mkono wa kushoto kama tegemeo wakati wa kuvuta pumzi, ukashuka chini na kuvuka mstari. Kwa kafi, tegemeo hilo linakuwa zito mno. Pumua kila baada ya mikono mitatu katika seti za makafi, au tumia bomba la kupumulia la mbele ya uso ili kichwa kitulie. Tofauti ikionekana siku hiyohiyo, umepata jibu. Jicho moja tu litoke majini unapopumua. Kichwa kikiinuliwa, mkono ulioko mbele unashuka.

Kama pumzi haina lawama, linganisha makafi yenyewe: mpira mmoja umelegea zaidi, au moja lina ufa. Ni jambo dogo na hukutwa mara nyingi pale makafi ya klabu yanapotumiwa na kila mtu.

Dalili: bega linahisi kuteleza au "kutaka kutoka"

Hapa hatutoi ruhusa ya kujaribu. Kuna watu ambao viungo vyao ni laini kwa asili, na kuna waliowahi kuchomoka bega. Kwa wote wawili, misuli ndiyo inayoshikilia kichwa cha mfupa mahali pake, na kafi linaivuta kuelekea kushindwa. Acha makafi, acha kunyoosha bega (laini halihitaji kunyooshwa zaidi), na uonane na mtaalamu. Mlio wa "tak" usio na maumivu si tatizo. Mlio wenye maumivu au wa kukwama ndani ya kiungo ni wa kuchunguzwa, kwa sababu gegedu linalozunguka ukingo wa kikombe cha bega linaweza kuwa limechanika.

Dalili: ganzi ya vidole

Ganzi ya kidole cha kati peke yake ni mpira uliokaza. Ganzi ya kiganja na kifundo ni mpira wa kifundo. Uondoe, na ndani ya dakika chache hisia irudi. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni au kwapani mpaka kidole kidogo, au inayokuja ukigeuza shingo kupumua, haina uhusiano na mpira: neva inabanwa shingoni au kati ya mtulinga na mbavu. Hiyo ni ya daktari, na makafi yakae kabatini mpaka chanzo kijulikane.

Kiwiko na kifundo cha mkono

Vikiuma hivi badala ya bega, karibu kila mara kafi ni refu kupita kiganja au unalishika kwa nguvu. Tatizo si geni. Benjamin Franklin wa Marekani, alipokuwa kijana katika karne ya 18, alijichongea vibao viwili vya umbo la yai, urefu wa inchi 10 na upana wa inchi 6, vyenye tundu la dole gumba. Alikumbuka kwamba vilimpa kasi zaidi, lakini vilimchosha vifundo. Inchi 10 kwa 6 ni kama sentimita 25 kwa 15, na kiganja cha mtu mzima, pamoja na vidole, mara nyingi ni sentimita 17 hadi 20 kwa urefu. Legeza vidole, punguza saizi, yatakwisha.

Kuchagua kafi kwa ajili ya bega lenye historia

Weka kiganja juu ya karatasi, vidole vimekaribiana bila kubanwa, uchore mzunguko wake. Nenda na karatasi hiyo dukani. Kafi lisizidi mchoro kwa zaidi ya sentimita 1 kila upande. Bega zima linaweza kuvumilia 2. Usitegemee herufi za S, M na L, kwa kuwa kila kiwanda kina M yake. Ukinunua mtandaoni, muulize muuzaji urefu na upana kwa sentimita.

Aina ya kwanza kuijaribu ni makafi ya vidole, yale madogo yanayofunika vidole tu na kuacha kiganja wazi. Yanaongeza eneo kidogo sana na bado yanakufundisha kushika maji. Baada ya hayo, kafi bapa la saizi ya kiganja lenye mashimo, linaloacha ngozi ihisi maji. Yasiyo na mpira kabisa, yanayoshikwa kwa tundu la dole gumba, ni mazuri kwa marekebisho kwa sababu hutoka mara tu mkono unapokosea. Yaache yale makubwa ya umbo la sahani: yametengenezwa kwa ajili ya kujenga nguvu, na nguvu hiyo unaweza kuipata kwa utepe wa mpira ukiwa nchi kavu.

Mtindo wa kipepeo kwa makafi, hapana. Mikono miwili huvuta kwa pamoja na mwili haugeuki kusaidia. Mtindo wa mgongo unaruhusiwa kwa makafi ya vidole, kidole kidogo kikitangulia kuingia. Mtindo wa chura, mikono isitoke nje kupita upana wa viwiko. Baharini, kwa mwenye bega bovu, usivae: wimbi linalipinda kafi ghafla wakati mkono umenyooka, na huna ukingo wa kushika. Watoto wanaokua wasipewe makafi ya kaka zao wakubwa; ya vidole yanawatosha.

Na kumbuka kwamba sheria za World Aquatics, shirikisho la kimataifa la kuogelea, haziruhusu makafi katika mashindano ya bwawani. Ni kifaa cha mazoezi peke yake, na mtu anaweza kuogelea vizuri miaka yote bila kukivaa.

Kurudi kwenye makafi baada ya maumivu

Usianze mpaka vitu vitatu vitimie: wiki mbili za kuogelea kawaida ukiwa na namba 0 au 1, mikono yote miwili inapanda mpaka sikioni kwa usawa, na mtu akikuzuia mkono unaousukuma kwenda nje (kiwiko ubavuni) nguvu inalingana pande zote mbili.

Kisha, mara mbili kwa wiki:

- Wiki ya 1: makafi ya vidole, 4 × 25 m, ukivaa mapezi mafupi miguuni. Mapezi yanaupa mwili mwendo na kulipunguzia bega kazi.
- Wiki ya 2: makafi ya vidole na mapezi, 6 × 25 m.
- Wiki ya 3: makafi ya vidole, 4 × 50 m, bila mapezi.
- Wiki ya 4: kafi la saizi ya kiganja, 4 × 50 m, bila mpira wa kifundo.
- Wiki ya 5: lilelile, boya la mapajani kwenye vipande viwili kati ya vinne.

Pumzika sekunde 30 kila kipande. Namba 0 hadi 2, endelea. Namba 3, rudia wiki hiyo. Namba 4, vua makafi hapohapo, hata kama zimebaki mita kumi, umalize siku kwa kupiga miguu ukiwa umeweka mikono ubavuni, si kwa kushika ubao huku umenyoosha mikono mbele, maana mkao huo nao unaligusa bega lilelile.

Ukilazimika kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, beba kafi lenyewe, namba zako za ngumi, kiganja na kafi, na video mbili za sekunde ishirini: moja kutoka mbele, moja kutoka ubavuni. Atazihitaji kabla hajagusa bega.